Mkaguzi wetu wa Arusha anatosha au twende Nairobi? Kuhusu IFRS, ISA na hao IFAC

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mhasibu kwenye kampuni ya utalii hapa Arusha, tuna magari kumi na mbili na kambi moja. Kuna Mholanzi anataka kununua asilimia 30 ya hisa. Wakili wake katuma barua, anataka hesabu za miaka mitatu ziwe za IFRS (standadi za kimataifa za kuandaa hesabu), zikaguliwe kwa ISA (standadi za kimataifa za ukaguzi), na mkaguzi awe "mwanachama wa IFAC". Bosi kachanganyikiwa, anasema tumwache mkaguzi wetu wa siku zote tutafute mkubwa wa Nairobi. Ni kweli wa hapa hatoshi? Na mimi mwenyewe nina digrii tu, nianze CPA ya hapa nyumbani au niende ACCA ya Uingereza moja kwa moja maana ndo ya kimataifa?

Marahaba dada. Kwanza mzuie bosi asivuke Namanga, maana hela atakayoacha huko inaweza isimsaidie kitu.

Hiyo sentensi ya "mwanachama wa IFAC" ndo imewavuruga, na naona hata wakili mwenyewe kaiandika haraka haraka, kwa sababu hakuna mkaguzi hata mmoja duniani ambaye ni mwanachama wa IFAC, awe wa Arusha awe wa Amsterdam. IFAC ni shirikisho la vyama na bodi za wahasibu, wanachama wake ni hivyo vyama, sio mtu mmoja mmoja wala kampuni ya ukaguzi. Lilianzishwa Munich kule Ujerumani tarehe 7 Oktoba 1977, wahasibu wa dunia wakiwa kwenye kongamano lao, likaanza na vyama 63 vya nchi 51, leo viko zaidi ya 180 na ofisi yao iko New York. Upande wa Tanzania mwanachama ni NBAA, bodi yetu ya wahasibu na wakaguzi, hao hao unaowajua. Kwahiyo mkaguzi wenu kama ana usajili wa NBAA wa kufanya ukaguzi, ile CPA-PP, na kampuni yake imesajiliwa, basi sharti hilo kashalitimiza, ni suala la kumweleza wakili tu.

Ila kuna uwezekano wa pili na huu usiupuuze. Kuna kitu kinaitwa Forum of Firms chenye uhusiano wa karibu na IFAC, humo ndo wamo ile mitandao mikubwa ya ukaguzi inayokagua makampuni yenye matawi nchi nyingi. Baadhi ya wawekezaji na mabenki ya nje wakisema IFAC huwa wanamaanisha hiyo, yaani wanataka mkaguzi aliye kwenye mtandao wa namna hiyo. Hayo ni masharti ya biashara, sheria ya Tanzania haidai hivyo, na mwenye hela ana haki ya kudai. Kwahiyo muulizeni wakili kwa maandishi: mnataka mkaguzi aliyesajiliwa na bodi mwanachama wa IFAC, au mnataka mtandao wa Forum of Firms? Na hata akisema ni la pili, mitandao hiyo ina ofisi zake Tanzania zilizosajiliwa na NBAA, bado hakuna sababu ya Nairobi.

Tukiwa hapo hapo Nairobi. Kenya wanatumia IFRS hizi hizi na ISA hizi hizi, sasa ukienda huko hupati kiwango cha juu zaidi, unapata bili ya juu zaidi. Na mkaguzi wa Kenya hawezi tu kuja kusaini ripoti ya kampuni ya Tanzania bila kusajiliwa na NBAA. Bodi za Afrika Mashariki zilisaini makubaliano ya kutambuana mwaka 2011, hayo yanamrahisishia njia ya kusajiliwa, lakini kusajiliwa kuko pale pale.

Sasa nani anaandika nini, maana hapa hata waliosoma wanachanganya. IFRS haziandikwi na IFAC. Zinaandikwa na IASB, bodi yenye makao London. Kabla yake kulikuwa na kamati iliyoundwa 1973 na vyama vya wahasibu vya Australia, Kanada, Ufaransa, Ujerumani, Japani, Meksiko, Uholanzi, Uingereza pamoja na Ireland, na Marekani. Kamati hiyo ndo ilitoa zile standadi zinazoanza na IAS, alafu 2001 ikaja IASB na za kuanzia hapo zikaitwa IFRS, ndo maana unakuta IAS 16 na IFRS 16 zote ziko hai na kila moja ina mambo yake, moja mali za kudumu nyingine mikataba ya kupanga. Umeona Uholanzi walikuwepo tangu siku ya kwanza, huyo mwekezaji wenu anaongea lugha ya kwao. Marekani nao walikuwepo ila mpaka leo makampuni ya kwao yanatumia standadi zao za nyumbani, kwahiyo mtu akikwambia IFRS ni za dunia nzima, mtoe Marekani kwanza.

ISA zinaandikwa na IAASB, na kanuni za maadili zinaandikwa na IESBA. Bodi hizi mbili zilikaa chini ya mwavuli wa IFAC miaka mingi, 2023 zikahamishiwa kwenye taasisi yao, baada ya wasimamizi wa masoko ya mitaji kulalamika muda mrefu kwamba wahasibu wanajitungia sheria wenyewe. Mimi binafsi naona walichelewa. Za serikali ni IPSAS, hizo hazikuhusu labda siku moja uhamie Halmashauri au Jumuiya ya Afrika Mashariki. Na wakaguzi wa serikali za dunia wana umoja wao, INTOSAI, ulizaliwa Havana kule Cuba 1953, CAG wetu yumo. Hapa nina neno na bosi wako: Tanzania ilikaa kwenye Bodi ya Wakaguzi ya Umoja wa Mataifa kuanzia 2012 mpaka 2018, ofisi ya CAG ikawa inakagua mashirika ya UN. Sasa mtu anayeamini Mtanzania hawezi kukagua kwa viwango vya kimataifa aanzie kujibu hilo.

Hao wa London na New York hawana askari, hakuna anayekuja Njiro kukagua kama umefuata IFRS. IFAC ina wajibu saba ambao kila chama mwanachama lazima aufanyie kazi: kupitia ubora wa kazi za wakaguzi, elimu, ISA, maadili, standadi za sekta ya umma, uchunguzi na nidhamu, na IFRS. NBAA kwa upande wake ilitangaza IFRS na ISA zitumike Tanzania kuanzia 1 Julai 2004, na inaongeza vya kwake pale inapoona pana pengo, kama TFRS 1 inayosema ripoti ya wakurugenzi au wasimamizi wa taasisi iwe na nini. Kwahiyo hizo hesabu za IFRS anazozitaka Mholanzi ni zile zile mlizotakiwa kuwa mnatengeneza miaka yote hii. Swali ni kama kweli mlikuwa mnazitengeneza.

Na hapo ndo mimi ningepeleka wasiwasi wangu wote, dada, kwenye vitabu vyenu. Mkaguzi tumweke pembeni kwa sasa.

Anza na dipoziti. Kampuni za utalii za Arusha tatizo lao kubwa ni hili na nimeliona mpaka nimelizoea. Tuseme Novemba mteja wa Ujerumani kawalipa dola 3,000 za safari ya Agosti mwakani, na mwaka wenu wa hesabu unaishia Desemba. Mhasibu anaona hela imeingia benki, anaandika mapato. Hapana. IFRS 15 inasema mapato yanaingia pale unapomtimizia mteja ulichomuahidi, na Novemba hujamfanyia kitu chochote, hata kwenye uwanja wa KIA hujampokea. Hiyo dola 3,000 ni deni kwa mteja, inakaa kwenye mizania upande wa madeni mpaka Agosti, na ikifika Agosti inaingia kwenye mapato kadri siku za safari zinavyokwenda. Wale wa Krismasi wanaoanza safari tarehe 28 Desemba wanamaliza tarehe 4 Januari unawagawa, siku za Desemba mwaka huu, za Januari mwaka unaofuata. Sasa fikiria, msimu mkubwa ni Juni mpaka Oktoba, wateja wanalipia mapema, kwahiyo tarehe 31 Desemba kampuni nyingi zimekaa na hela nyingi ya safari ambazo hazijafanyika. Kama nyie mmeiweka yote kwenye mapato, faida yenu imevimba, na Mholanzi anayepiga hesabu ya bei ya hisa kutokana na faida, mtu wake wa uchambuzi akiigundua hiyo (ataigundua, ndo kitu cha kwanza wanachotafuta) bei inashuka na kuaminiwa kunashuka pamoja nayo.

Alafu kuna ile ya kukusanya kwa niaba ya wengine. Mteja kawalipa pamoja na tiketi ya ndege ya kwenda Zanzibar, nyie mmemkatia tu mkapata kamisheni. Mapato yenu hapo ni kamisheni, sio tiketi nzima. Ila lodji na viingilio vya hifadhi vilivyo ndani ya bei ya safari mliyoiuza nyie kama kifurushi chenu, mnaobeba lawama kama lodji imejaa, hiyo mara nyingi mnaandika yote kwenye mapato na gharama zake zinakaa upande wa gharama. Kila mkataba na mawakala wa nje usome na uamue, na uandike kwanini umeamua hivyo, mkaguzi atakuuliza.

Dola nazo. Kama vitabu vyenu viko kwa shilingi na ile dipoziti hairudishwi, mnaibadilisha kwa reti ya siku ilipoingia na mnaiacha hivyo, haibadilishwi tena mwisho wa mwaka, na hata safari ikifanyika sehemu hiyo ya mapato inabaki na reti ya siku ile ya Novemba. Mwongozo wake ni IFRIC 22. Watu wengi wanaibadilisha tena tarehe 31 Desemba kama wanavyofanya kwa salio la benki, alafu inatokea faida au hasara ya fedha za kigeni ambayo haipo kabisa. Mwaka ambao shilingi imeyumba, kama mwishoni mwa 2024 ilivyopanda ghafla dhidi ya dola, kosa hilo linakuwa la mamilioni. Salio lenyewe la dola benki ndo unabadilisha, hilo sawa.

Magari. Nina uhakika karibu wote mnatumia asilimia 37.5 ya kundi la kwanza la TRA ndo hiyo hiyo kwenye vitabu. Ya TRA ni ya kukokotoa kodi tu. IAS 16 inataka uchakavu ufuate muda mnaotegemea kulitumia gari na thamani litakayobaki nayo siku mkiliuza, na Land Cruiser ya Arusha kila mtu anajua hata ikiwa imezeeka bado inauzika kwa hela ya maana. Ukiweka 37.5 gari linakufa vitabuni huku bado liko Serengeti limebeba wageni, na huyo mnayetaka kumuuzia hisa anaona kampuni haina mali. Tofauti kati ya hesabu ya kodi na hesabu ya vitabu inazaa kodi iliyoahirishwa, yaani kodi ya miaka ya mbele inayotokana na tofauti hiyo, IAS 12, hiyo mkaguzi wenu atakusaidia na usiione aibu kuuliza, inawasumbua hata wenye CPA zao. Lakini ninaposema hesabu mbili simaanishi vile vitabu viwili vya mjini, kimoja cha TRA kina hasara na kingine cha benki kina faida. Kama vipo, mwambie bosi biashara ya hisa imekufa kabla haijaanza, maana watu wa Mholanzi wataomba ritani za kodi wazilinganishe.

Kitu kingine kinafichwa sana kwenye kampuni za familia: bosi anachukua gari la ofisi kwenda kijijini mwezi mzima, lodji mnayoitumia sana ni ya shemeji yake, kiwanja ilipo kambi kiko kwa jina la mke wake. Sio dhambi. IAS 24 inataka tu ziandikwe wazi, nani ana uhusiano gani na mmelipana kiasi gani. Mholanzi akizikuta zimeandikwa anauliza maswali mawili anaendelea, akizikuta mwenyewe ndo anaondoka.

Sasa mkaguzi wenu. Nitakuuliza swali moja, jijibu mwenyewe: hizo hesabu za mwisho wa mwaka nani huwa anazitengeneza? Maana huku kwetu Arusha na Moshi kawaida ni kwamba mtu yule yule anaandika vitabu, anatengeneza hesabu, anapeleka ritani TRA, alafu anavaa kofia ya ukaguzi anasaini kwamba ziko sawa. Kanuni za IESBA zinaliita hilo tishio la kujikagua mwenyewe. Kwa kampuni isiyo na maslahi ya umma kama yenu haikatazwi moja kwa moja, kazi za uandishi za kawaida zinaruhusiwa mradi zisihusishe maamuzi ya menejimenti na kuwe na tahadhari, mfano watu wanaoandika wawe tofauti na wanaokagua. Kwenye ofisi yenye watu watatu hiyo tahadhari ni ya kwenye karatasi tu, tusidanganyane. Kwahiyo kama mkaguzi wenu ndo pia mwandishi wenu, hapo nakubaliana na bosi kwa sababu nyingine kabisa: tenganisheni. Tafuteni mwingine wa kukagua, yuko hapa hapa mjini, au yule abaki kukagua na wewe ndo uandike vitabu. Na thibitisheni usajili wake NBAA, wana orodha, msitegemee muhuri.

Kuhusu miaka mitatu, muwe makini. Mkaguzi mpya akija leo kukagua miaka iliyopita hakuwepo siku ya kuhesabu stoo ya kambi wala petty cash, na ISA 510 inamtaka ajiridhishe na salio anzia, yaani namba mlizoanza nazo mwaka. Akikosa ushahidi atatoa hati yenye shaka, inayosema kuna kitu hakuweza kukithibitisha, na atakuwa sahihi. Kama miaka hiyo ilishakaguliwa na mkaguzi wenu wa sasa, ni rahisi zaidi kuanzia kwenye mafaili yake. Na kama dipoziti mlikosea miaka ya nyuma, usilisukumie lote kwenye mwaka huu. IAS 8 inakutaka urudi nyuma urekebishe takwimu za miaka hiyo na useme wazi umerekebisha nini. Mkurugenzi atakasirika. Mwache akasirike sasa hivi, ni nafuu kuliko akikasirika mbele ya mgeni. Angalia pia kama kwenye maelezo ya hesabu mmeandika kwamba zinafuata IFRS, maana huruhusiwi kuandika hivyo kama hujafuata zote, hakuna "isipokuwa IAS 16 tumeruka".

Mambo ya IFRS ya SMEs, ile ya kampuni ndogo na za kati: toleo la kwanza lilitoka 2009, ni fupi zaidi, na kampuni kama yenu inafaa kulitumia. Kwa dipoziti jibu halibadiliki, hela ya safari isiyofanyika sio mapato. Muulizeni wakili kama wanalikubali, wengi wanalikubali, mtapunguza maelezo mengi ya bure. Na akianza kuulizia S1 na S2, zile za uendelevu na mabadiliko ya tabianchi za Juni 2023, mwambieni tuanze na hizi.

Nikupeleke Moshi kidogo ninakokaa mimi, maana watu huwa wanasema standadi zinaandikwa na Wazungu kwa ajili ya Wazungu. Zamani IAS 41 ililazimisha mibuni ipimwe kwa bei ya soko kila mwaka, sasa nani anauza mbuni mmoja uliosimama shambani? Mashamba makubwa walikuwa wanabuni namba tu. Waliolalamika mpaka ikabadilishwa walikuwa hasa nchi za Asia zenye michikichi, Malaysia wakiwa mbele, na kuanzia 2016 mmea unaozaa mwaka hadi mwaka unahesabiwa kama mali ya kudumu chini ya IAS 16, IAS 41 ikabaki na matunda yaliyo juu ya mti. Wenye kahawa Kilimanjaro walinufaika bila kuandika hata barua moja. Rasimu zinawekwa wazi mtu yeyote atoe maoni, ila sisi tunazisoma zikishakuwa sheria.

Haya, la kwako sasa. ACCA ni chama cha Uingereza, kimeanza 1904, mitihani 13 kabla ya misamaha, ada inalipwa kwa pauni, na uzoefu wa kazi wa miezi 36. Ni cheti kizuri na kinatambulika nchi nyingi. Lakini unaishi Arusha, kodi unayoshughulika nayo ni ya TRA, sheria ya makampuni ni ya Tanzania, na siku ukitaka kusaini ripoti ya ukaguzi hapa mwenye kalamu ni NBAA, hata mwenye ACCA lazima apite kwao. Ningekuwa wewe ningemaliza CPA kwanza. Standadi utakazosoma ni zile zile, IFRS ya CPA haina tofauti na IFRS ya ACCA. Ulizia kwa bodi digrii yako inakusamehe masomo gani, inategemea chuo na kozi, usichukue maneno ya group la WhatsApp. ACCA iongeze baadae ukiona unataka kuhama nchi au mwajiri anakulipia. Kama moyo wako uko kwenye ukaguzi wa ndani, basi angalia cheti cha CIA cha IIA, chama cha wakaguzi wa ndani kilichoanza Marekani 1941, standadi zao mpya zimeanza kutumika Januari 2025 na mashirika ya hapa Arusha yenye wafadhili wanazijua.

Ila kabla hujajisajili popote tengeneza jedwali la dipoziti za miaka mitatu: mteja, tarehe hela ilipoingia, kiasi kwa dola, reti ya siku hiyo, tarehe ya safari. Mkaguzi yeyote mtakayemchukua ataliomba siku ya kwanza.